Ngozi ya Okapi Namba Ishirini na Nne

Enzi zetu, ninyi tuliozeeka pamoja mtanishuhudia, ugonjwa wa watoto wa Butembo, huku mashariki ya Kongo, haukuwa simu. Ulikuwa kadi za biskuti. Kila paketi ilikuja na picha moja ya mnyama, ndogo kama kiganja cha mtoto, yenye namba nyuma. Zote zilikuwa thelathini na mbili. Ulizibandika kwenye albamu, na jalada la nyuma liliahidi kwa Kifaransa kwamba atakayeijaza akaipeleka kiwandani, huko Ulaya, angetumiwa zawadi. Zawadi gani, hawakusema. Mimi niliamua ni baiskeli, na nikaanza kuwachagua watakaopanda nyuma.

Baba alikuwa karani wa mzungu mmoja mnunuzi wa kahawa, kwa hiyo biskuti zilitufikia Jumapili baada ya misa, paketi moja kwa watoto sita. Wenzangu walikula biskuti. Mimi niliwaachia yangu ili wanipe kadi, nikawa mwembamba kuliko wote nyumbani na tajiri kuliko wote.

Rafiki yangu Zaituni aliugua ugonjwa huohuo. Tulikulia ua mmoja: kwao Waislamu, kwetu Wakatoliki. Idi tulikula kwao pilau, Noeli walikula kwetu viazi vya Lubero na maharage hadi tukashindwa kuinuka. Kisha baba yake akahamishia duka Beni, nami nikalia siku mbili, moja kwa ajili yake na moja kwa ajili ya kadi zake za ziada. Basi tukaanza kubadilishana kwa barua. Mchukuzi wetu alikuwa baba yake mdogo, Sadiki, dereva wa lori kati ya Beni na Butembo, mtu mrefu aliyeanza kucheka kabla hujamaliza hadithi. Bahasha tulizikunja kwa karatasi ya daftari, tukazifunga kwa bukali, yaani ugali, iliyobaki chunguni. Watoto wa leo wana gundi ya kila rangi. Gundi yetu ililiwa mezani.

Na barabarani pia ililiwa. Siku moja Zaituni alinitumia punda milia, bahasha ikawekwa karibu na mbuzi wa abiria. Mbuzi akanusa bukali. Punda milia alinifikia akiwa kichwa tu. Nikadai mwingine. Zaituni akaandika kwamba kosa ni la dereva. Nami nikamsimamisha dereva sokoni, mikono kiunoni.

"Miye niko chauffeur, hapana facteur ya kugawa barua," alinijibu Sadiki, akiwa ameshaanza kucheka. "Mambo ya kukula, uliza mbuzi."

Kesi ikafika kwa babu, aliyekuwa ameshuka kutoka Kipese kuuza maharage. Aliigeuza ile kadi mbele na nyuma, akakohoa, kisha akatoa sheria ya mbuzi wa mahari, kwa kuwa sheria nyingine hakuwa nayo.

"Mbuzi akifia mu njia, ni ya nani? Ni ya ule aliyemutuma. Atalipa mwingine. Mais lakini alete ngozi, bantu baone kama alikufa kweli. Bakisha kuiona, ngozi inarudia kwa mwenyewe. Na mbuzi akisha kufika mu lupango, ku nyumba ya bakwe, basi, ni yao. Hata akikufa kesho, ni yao."

Niliyaandika yote kwenye daftari, hata kwamba watu wakishaiona ngozi irudi kwa aliyetuma, nikatuma nakala Beni, na Zaituni akatia sahihi kwa herufi za Kiarabu alizofundishwa chuoni, ili jambo liwe zito. Kisha akanilipa punda milia mwingine, mzima. Siku hizi watu wana mikataba ya kurasa hamsini yenye mihuri mitatu. Sijaona ulioshikwa kama ule wetu.

Wakati ule wakubwa walikuwa wakingojea Uhuru. Nilimwuliza baba utakuja na lori la nani. Alinicheka, lakini jirani yetu, mtu mzima mwenye wake wawili, alikuwa amekwisha kufagia chumba cha kuuwekea. Uhuru ukafika, mnunuzi wa kahawa akaondoka, na biskuti zikaondoka naye. Nilibaki na kadi thelathini na moja. Iliyokosekana ilikuwa namba ishirini na nne, okapi. Hebu fikirini: okapi anaishi msituni kwetu, mbele ya Beni, na mimi namtafuta ndani ya biskuti ya Ulaya!

Zaituni alikuwa na okapi wawili, mmoja kwenye albamu yake na mmoja wa ziada. Nilimbembeleza kwa barua miaka minne, hadi akaandika kwamba huyo wa ziada angekuja na lori la safari ijayo.

Badala yake wakaja waasi. Walisema dawa yao inageuza risasi kuwa maji. Kwetu risasi zilibaki risasi, na sisi tukapanda milima kwenda Kipese kwa babu. Kila mtoto alipewa kitu cha kubeba. Mimi nilikabidhiwa sufuria; nilifika na albamu. Mama aliifungua mahali palipobandikwa tembo.

"Sufuria umeacha, picha umebeba. Eh, Kahindo, leo tutakula tembo?"

Tuliporudi Butembo na barabara ikafunguliwa, nilingoja barua. Juma la kwanza, la pili, la tatu. Nilikuwa na miaka kumi na mitatu na kalamu mpya, na mtoto mwenye kalamu mpya ni mtu hatari. Nikaandika: "Zaituni, najua kulikuwa vita. Mais kadi ni yako mpaka inifikie. Kanuni ni kanuni. Kama imepotea, leta ngozi."

Jibu lililetwa na mama mmoja muuza samaki. Ndani kulikuwa na okapi wawili. Wa kwanza alikuwa amekunjika, na doa la kahawia lilimpanda toka miguuni hadi shingoni. Barua ilikuwa fupi.

"Kahindo, ngozi ni hii. Baba mudogo Sadiki balimuua mu njia. Balikuta kadi mu mufuko ya shati yake, hapa ku kifua. Alisema hataiweka tena karibu na mbuzi. Ile ingine ni ya kukulipa."

Huyo wa pili alikuwa safi. Lakini nyuma yake kilikuwa kimeganda kipande cha karatasi ngumu, kimechanika ovyo. Zaituni alikuwa amemng'oa kwenye albamu yake.

Nililia nyuma ya nyumba, na mama aliponiuliza nikasema ni moshi. Niliona haya, na naona haya mpaka leo. Sikumbandika yule okapi. Wala baiskeli sikuitaja tena.

Sasa wajukuu zangu wanaagiza vifuniko vya simu kutoka Kampala. Kikifika kimepasuka, wanapiga kelele: agence ya mizigo inasema ni dereva, dereva anasema ni barabara. Nawasikiliza tu. Uhuru wenyewe tulitumiwa, ukaharibikia njiani, na kila mkubwa anamwonyesha mwenzake kidole. Ngozi hakuna aliyeileta.

Mwezi uliopita nilikwenda Beni. Zaituni ni bibi sasa, tasbihi mkononi, macho mabovu kama yangu. Nilifungua kitenge, nikamwekea mapajani yule okapi safi.

"Dada, rudisha huyu mu albamu yako. Nilikutesa bure."

Alimpapasa mgongoni, pale kwenye karatasi iliyochanika, kisha akanirudishia.

"Hapana, Kahindo. Huyu alisha kufika. Ni wako." Akanyoosha kiganja kitupu. "Mais ngozi. Ngozi hukunirudishia."

Miaka yote hiyo! Na kanuni niliiandika mwenyewe, kwa mkono wangu: bakisha kuiona, ngozi inarudia kwa mwenyewe. Picha ya Sadiki kwao hawana hata moja. Mimi ndiye niliyekuwa na kitu cha mwisho alichokishika, nacho kilikuwa Butembo, kabatini, chini ya mashuka.

Mjukuu wangu, anayeniita Koko, anashangaa ninavyohangaika. "Koko, tuma tu na agence. Kesho iko kule." Anasema hivyo bila kuinua macho kwenye simu, na barabara ya Beni ina waasi wengine sasa, wa umri wake.

Enzi zetu kitu cha mtu hakikuwekwa popote tu. Nimeshona mfuko kwenye blauzi, hapa kifuani, na Jumatatu ile ngozi ninaipeleka mwenyewe.