Jua la Mugeta Lachelewa Kazini

Boke Werema alirudi likizo ya Desemba akiwa na kijiti, na kwa kijiti hicho sisi wa kijiji cha ujamaa huku Mugeta tukamchukia.

Shuleni kwao Musoma, mwalimu wa sayansi alimwagiza kila mwanafunzi akafanye utafiti nyumbani: asimike kijiti wima, aweke alama ncha ya kivuli inapofika, aone kivuli kinakuwa kifupi kabisa saa ngapi. Boke alikisimika kando ya shamba letu la pamoja la pamba. Alikichunga juani siku baada ya siku, akagundua kwamba jua la Mugeta halifiki katikati saa sita. Linafika saa saba kasorobo.

"Saa ni moja nchi nzima," alitueleza, "ila sisi tuko magharibi. Linaanziaga Dar es Salaam, huku linafika baadaye."

Mambo yangeishia hapo. Lakini habari zilimfikia mwenyekiti wetu, Mzee Makongoro, mtu anayeweza kuokota azimio hata kwenye bakuli la uji. Siku zote aligonga kengele saa sita kwa saa yake ya mkononi, nasi tukaenda kula. Sasa akatangaza kwamba miaka yote tumekuwa tukitoroka kazi kabla ya mchana, na huo ni unyonyaji. Kuanzia kesho tutatoka kwa kivuli.

Boke akamfuata. "Mzee Mwenyekiti, basi na asubuhi tuchelewe kuanza. Jua si ni lile lile?"

"Asubuhi tunafuata serikali," alisema Makongoro. "Mchana tunafuata sayansi."

Nyamburi, mama yake Boke, aliacha kusema na bintiye. Binti wa watu alilia, akataka kuking'oa kijiti, akaambiwa sasa ni mali ya kijiji.

Jumatatu mawingu yakafunga anga. Kivuli hakuna. Tulipalilia mpaka migongo ikagoma. Makongoro, ambaye kwake kuku alishachinjwa kwa ajili ya mgeni wa kutoka Bunda, akaanza kukizunguka kijiti.

"Boke, kisia tu. Andika kimefika."

"Mwalimu alitukataza kuandika tusichokiona, Mzee."

"Mimi ndiye mwenyekiti."

"Ndiyo, Mzee. Ila kivuli hakipo."

Akatazama wingu, akatazama njia ya kwake. Kisha akagonga kengele, akatutangazia kwamba kamati imetukomboa kutoka ukoloni wa kivuli. Tulipiga makofi, mwenye njaa habishani. Nyamburi peke yake hakupiga, maana kwa mkono mmoja alikuwa amemshika bintiye.