Randa ya Kuvuta na Ubao wa Bibi

Nikimsikia mtu akisifu kazi ya mikono, hasa mtu ambaye hajawahi kuishi nyumba moja na anayeifanya, huwa nauma meno. Siku hizi London kuna vijana wanaojiandikisha kufundishwa kupiga randa ya Kijapani mwisho wa wiki. Wanasema inatuliza akili. Mimi randa hiyo ilinitoa akili. Niliishi nayo kwenye korido yetu ya Harrow, nikiwa msichana wa ofisini mwenye soksi za nailoni, na kila asubuhi nililazimika kuruka ubao wa kuoshea maiti ndipo niufikie mlango.

Sisi ni Wahindi wa Mombasa, Wakachi. Kwetu tulisema Kikachi tukiwa na adabu zetu, na Kiswahili tukigombana, na tangu tufike London Kiswahili kilizidi. Tulikuja mwaka ule ambao kila Mhindi wa Kenya mwenye pasipoti ya Kiingereza alikuwa mbioni kabla mlango haujafungwa. Wenzetu walibeba dhahabu na picha za harusi. Baba yangu, aliyekuwa seremala, alibeba randa kwenye mkoba wa mkononi, ameizungushia kikoi, na njia nzima aliipakata. Mama alibeba mkoba wake na mikoba yetu sote.

Randa hiyo alipewa na seremala wa meli moja ya Kijapani iliyotia nanga Kilindini, baada ya baba kumsaidia kutengeneza makabati ya mabaharia. Haikuwa na mpini wala skrubu. Ilikuwa kipande cha mti mgumu chenye chuma kilichochomekwa kwa mshazari, basi. Randa tulizozizoea husukumwa, na hii huvutwa kumwelekea fundi. Baba alikuwa na kawaida ya kufanya kazi ameketi sakafuni, ubao kaushika kwa nyayo, kama alivyofundishwa na babake, kwa hiyo kuvuta kulimkaa mwilini tangu siku ya kwanza. Kiwandani Wembley, alikopata kazi ya samani, walimpa mashine ya msasa na barakoa. Jioni alirudi ana vumbi hadi kwenye nyusi, akaitazama randa yake juu ya kabati, akanyamaza.

Heri angeendelea kunyamaza. Lakini msimu wetu wa kwanza wa baridi alifariki shoga yake bibi. Bibi huyu ni mama yake baba, tuliyekuja naye. Akaenda na wanawake wengine kumwosha shoga yake mochari, na alirudi anafoka, hata buibui hajavua.

"Wamemlaza juu ya bati!" alisema. "Bati la baridi, kama samaki wa sokoni! Mimi msinioshe juu ya bati. Mwanangu, wanisikia? Nataka ubao, kama kwetu. Na usiwe na kibanzi hata kimoja."

Kisha akaomba chai nyingine na biskuti mbili. Moyo wake ulikuwa mbovu, daktari alishatuambia, na kila mmoja wetu alijua kwamba ubao ule huenda ukahitajika wakati wowote. Hilo ndilo lililonipandisha wazimu miezi yote iliyofuata, kwa sababu mtu pekee aliyeonekana kutokuwa na haraka alikuwa baba.

Jamaa zetu walikuwa wamekodi nyumba Wembley kwa ajili ya sala, na chumba cha nyuma kilikuwa kinatayarishwa kiwe cha kuoshea. Mzee mmoja wa kamati alikuja kwetu, akanywa chai, akasema kuna plaiwudi, ipigwe msasa, ipakwe vanishi, Jumamosi kazi imekwisha. Nilitaka kumbusu mkono. Baba akamwekea sahani ya kababu, kisha akamfundisha somo ambalo baadaye nililijua kwa moyo kuliko sura za msahafu. Msasa haukati, unakwangua. Unaacha nyuzi za mti zimechanika, ukimwaga maji zinavimba na kusimama, na ubao unaota manyoya. Vanishi nayo itababuka kwa maji ya moto. Lakini chuma kikinolewa barabara, kikavutwa mara moja kutoka mwanzo wa ubao hadi mwisho, nyuzi zinakatwa safi, mti unajifunga wenyewe na maji yanateleza juu yake. Hakuna rangi inayotakiwa, hakuna vumbi, hakuna kelele.

"Basi, fanya hivyo," mzee alisema, akitafuta viatu vyake. "Ila usichelewe."

Kuchelewa! Baba alinunua mbao tatu za mwerezi, akaziunganisha, na ndipo ikagunduliwa kwamba ubao wenye urefu wa mtu hauwezi kulala popote katika nyumba yetu isipokuwa kwenye korido. Randa ya kuvuta inamtaka fundi arudi kinyumenyume, asisimame katikati, ili utepe wa mti utoke mzima bila kukatika. Kwa hiyo kila jioni baba alianzia mlango wa mbele, akarudi nyuma ameinama, akapita ngazi, akaingia jikoni kwa makalio. Mama alikuwa anakaanga. Siku moja aliingiliwa hivyo akiwa na karai la mafuta mkononi, akapiga ukelele uliowafanya majirani wa upande wa pili wa ukuta wagonge.

"Harrow nzima, korido yangu ndiyo karakana?" mama alimuuliza.

"Niwekee karai mbali kidogo," baba alisema. "Nilikuwa nakaribia kuutoa utepe mzima."

Maranda, zile tepe za mti, yalikuwa kila mahali. Nilikuta maranda ndani ya pilau, ndani ya viatu, ndani ya mkoba wangu wa kazini. Yalikuwa membamba hata ungeweza kusoma gazeti kupitia kwayo, na baba alinifanya nijaribu, nikiwa nimechelewa basi. Na kunoa! Kwa kila dakika ya kuvuta alitumia jioni nzima kunoa, vinoo vyake vimelowekwa kwenye beseni la kunawia uso, ikabidi sisi tusukutulie meno kwenye sinki la jikoni. Nilimuuliza kwa nini chuma kinanolewa kila mara ilhali mwerezi ni mti laini. Akasema mti laini ndio unaotaka chuma kikali zaidi, kwani chuma butu kinauponda badala ya kuukata. Alikuwa sahihi. Alikuwa sahihi katika kila jambo, na hilo halikunisaidia hata kidogo.

Kilichonimaliza kabisa ni hita. Tumbo la randa ile, upande unaolala juu ya ubao, ni la mti, na mti unacheza. Mombasa ulikuwa umetulia miaka. Harrow, tukiwasha hita ya mafuta ya taa, tumbo lilipinda, na baba akawa anaikwangua randa yenyewe, anaiinua kwenye taa, anafumba jicho moja, anakwangua tena. Mashine zina matatizo yake, lakini sijapata kuona mashine inayotengenezwa kila siku ili siku ifuatayo ifanye kazi robo saa. Jioni moja nikarudi kutoka kazini, nje kunaganda, nikakuta hita imezimwa. Bibi alikuwa kitini amevaa makoti mawili na kofia ya baba, anakohoa.

"Hita inapindisha randa," baba alisema bila kuinua kichwa.

Hapo nililipuka. "Baba, nshachoka mimi! Wamtengenezea ubao wa kuoshewa, kisha wamuua kwa baridi ili upate kuutumia? Leta hiyo plaiwudi! Leta mlango wowote, ung'oe wa chooni!"

Nilitarajia bibi aniunge mkono. Mimi ndiye niliyekuwa nampigania! Badala yake alinitazama kwa jicho la kunionea huruma.

"Mwache," alisema. "Wewe washa hita chumbani kwenu, nitakuja kulala na wewe. Yeye mwache avute."

Nilimwacha. Bibi alilala kitandani kwangu msimu wote uliobaki, na alikoroma.

Ubao ulipokaribia kwisha, bibi alisema lazima aujaribu. Hakuna aliyeweza kumkataza. Baba aliuinamisha kidogo upande wa miguu, kama utakavyowekwa ili maji yashuke, akaumwagia maji, na bibi akalala chali na nguo zake zote, mikono pembeni, macho kayafumba. Wakati huohuo bwana mmoja wa kusoma mita ya gesi akagonga, na mdogo wangu akamfungulia. Mzungu wa watu alimwona bibi kizee aliyelowa amelala juu ya ubao, jamaa wamemzunguka. Akavua kofia. Bibi akaanza kuteleza polepole, miguu ikitangulia, kumwelekea yule bwana mlangoni, jicho moja kalifumbua.

"Nishikeni!" bibi alipiga kelele. "Umezidisha, mwanangu, umezidisha!"

Yule bwana hakuisoma mita. Sisi tulicheka hadi mama akaketi ngazini, na hata mimi nilisahau kwamba nimekasirika. Baba peke yake hakucheka. Alipiga magoti palepale kwenye maji, akapapasa mahali mabega ya bibi yalipokuwa, akasema atachimba bonde dogo pamshike. Bonde hilo lilichukua wiki nyingine. Nikakasirika upya.

Ubao ukapelekwa Wembley, na bibi, moyo wake mbovu na yote, akaishi miaka. Waliotangulia kuoshwa juu yake ni wengine, wakiwemo jamaa wa Uganda waliofika baadaye mikono mitupu. Kila alipofariki mtu baba alikwenda siku iliyofuata na randa yake kwenye kikoi, akauvuta mara moja au mbili, akarudi. Nilishaolewa wakati huo, na nilipokuja kutembea na kumkosa nyumbani, bado nilikereka.

Zamu ya bibi ilifika asubuhi ya baridi. Tulimwosha mimi, mama, na wanawake wawili wa kule msikitini. Tulimgeuza huku na huku, na mabega yake yalikaa pale yalipopaswa kukaa, na mgongo wake mwembamba ulikuwa safi, bila mkwaruzo. Tulipomaliza kumvisha sanda nilitoka nje ya chumba. Baba alikuwa amesimama karibu na mlango, na nadhani alisimama hapo muda wote.

"Niambie," alisema.

Nikamweleza yale ninayoruhusiwa kueleza. Kwamba nywele zake tulizisuka, kwamba uso wake ulikuwa umetulia, kwamba tulimshika taratibu. Alisikiliza kichwa kakiinamisha. Kisha akasema kwa sauti ambayo sikuwa nimepata kuisikia kwake:

"Mimi mtoto wake mwanamume. Sina ruhusa kumwosha. Mgongo wake ungeguswa na nyinyi wote, mimi nimesimama hapa. Ubao tu ndio ningeweza kumwekea chini."

Hasira ya miaka yote ile ikanipanda pamoja na kilio.

"Na kwa nini hukusema, baba? Wakati ule nikipiga kelele, kwa nini hukusema?"

"Bibi yako angesikia," alisema. "Alikuwa amekaa palepale."