Magugu Yaliyopigwa Pasi

Baba yangu alikuwa dobi Kariakoo, na mimi nilikuwa nasomea majani. Ndivyo mtaa ulivyosema. Nchi nzima inahimizwa kulima, halafu mtoto wa dobi anapelekwa chuo kikuu kusoma magugu! Wapangaji wenzetu waliniuliza, kwa upole wa uongo, nikimaliza nitamtibu nani. Nilikuwa na ukaidi tu, na huo niliupata nyumbani.

Mwaka wa pili tulitakiwa kukusanya mimea inayoota yenyewe mjini, kuikausha katikati ya magazeti na kuibandika kwenye karatasi ngumu. Mhadhiri wetu, mtu wa maneno machache, alisema kila mmea uwe na mzizi, jani na ua, kama ulivyokutwa ardhini. Atakayeleta pungufu atahamishwa somo. Aliposema hivyo alinitazama mimi. Nilikuwa nimefeli jaribio lake moja, na alikwisha kunidokezea kwamba ukarani nao ni kazi ya heshima. Nikaapa moyoni kwamba sihami.

Masika yakaingia. Chumba cha kukaushia kule chuoni kilikuwa na unyevu, na ukungu ukaanza kutambaa kwenye magazeti yangu. Jumamosi nikafunga furushi langu kwa kamba, nikapanda basi kurudi nyumbani, kwa sababu sikujua mahali pakavu kuliko chumba cha baba cha kupigia pasi. Pasi zake za mkaa ziliwaka kutwa. Nikaliweka furushi juu ya rafu, nikamwambia ni kazi ya chuo ya kupeleka Jumatatu, kisha nikaenda Magomeni kumjulia hali shangazi.

Niliporudi jioni nilimkuta baba mlangoni ananisubiri, uso mkunjufu. Furushi lilikuwa mezani, limefunguliwa. Alikuwa ameifua mimea yangu. Mizizi yenye udongo aliikata, majani yaliyotobolewa na wadudu aliyanyofoa, maua yaliyonyauka aliyatupa, na kilichobaki akakipiga pasi mpaka kikanyooka kama kola ya shati. Katika kazi yake kitu cha mtu hakirudishwi kichafu, na hiki kilikuwa kinakwenda kwa wakubwa. Alikuwa ametumia kipande cha sabuni alichokipata kwa kupanga foleni tangu alfajiri kwenye duka la ushirika. Siku zile sabuni ilikuwa haionekani.

Nililia kwa hasira, tena kwa sauti, bila kujali wapangaji. Nilimwambia amenimaliza. Baba alikaa kwenye kigoda chake, akaniacha nimalize, kisha akauliza kosa liko wapi. Nikamweleza kwamba mwalimu anautaka mmea wenyewe, ulivyokuwa.

"Na uchafu wake?"

"Na uchafu wake, baba."

Akasema basi kesho twende tukachimbe mengine, na hapigi pasi mpaka turudi. Nilishtuka, kwa sababu Jumapili ndiyo siku yake kubwa, siku ambayo watu wa maofisini hufuata mashati ya Jumatatu.

Tulitoka asubuhi na kapu la nguo na kisu cha jikoni. Mvua haikutuonea huruma. Tulianzia Mnazi Mmoja, tukazunguka mpaka kwenye ukuta wa bandari, baba amekunja suruali, anachimba taratibu ili mizizi isikatike. Waliotufahamu walisimama kushangaa. Mmoja alimuuliza kama dawa anayoitafuta ni ya mgonjwa gani. Baba akamjibu kwamba tunatafuta magugu, na akiliona lenye maua atuite. Niliona aibu kidogo, halafu ikaniisha. Ndago tulipata, mgagani tulipata, kifauwongo kikamchoma vidole kwa miiba yake. Nami nilikuwa nimeshaamua kwamba nikishindwa, nitashindwa nikiwa nimelowa.

Jioni tulikausha. Yeye alitandaza gazeti juu na gazeti chini, akashusha pasi kidogokidogo, akainua, akabadilisha lililolowa. Mashati ya watu yalining'inia nyuma yake yakisubiri zamu. Alipofika kwenye mnavu mmoja, majani yake yote matundu matupu, alisita. Mkono wenye pasi ulibaki hewani.

"Hili nalo?"

"Hilo nalo."

Akapumua, akalipiga pasi na matundu yake. Najua lilimuuma.

Jumatatu mhadhiri alifunua karatasi zangu moja baada ya nyingine. Kwenye mnavu alikaa muda mrefu. Akauliza nimeukaushaje na mvua hii. Nikamwambia baba yangu ni dobi. Akaiweka karatasi chini kwa uangalifu, akasema nitaendelea na somo, na kwamba mzee nimpe shukrani zake.

Nilipanda basi jioni ileile. Nilimkuta baba bado anapambana na mashati ya wateja wake waliokasirika. Nilimweleza yote, salamu na shukrani, na kwamba sihamishwi. Alisikiliza bila kuiweka pasi chini. Kisha akauliza, kwa sauti ya chini, "Hakusema ni chafu?"

"Hakusema, baba."