Traki ya Thelathini na Nane

Siku yangu ya kwanza kazini, kwenye studio moja ndogo ya Temeke, Fundi Mkuu hakunipa hata kiti. "Hapa tunapokea rekodi ndefu, tunazikata, tunachoma CD," alisema. "Kila kipande ni traki. Unakata nakala. Rekodi mama huigusi, hata nikikutuma mwenyewe." Mie mbishi wa kuzaliwa, lakini hilo nililishika.

Kazi nyingi zilikuwa za kwaya. Programu yetu iliweza kukata yenyewe: ikisikia kimya cha sekunde mbili, inaanza traki mpya. Kwa kwaya ilifaa, nami nikajiona fundi.

Akaja Bi Mwanaisha wa Kipawa, mjane wa ustadhi wa madrasa. Alikuwa na kaseti moja tu, mumewe anasoma Juzuu Amma, zile sura fupi wanazohifadhi watoto. Alitaka kila sura iwe na traki yake, watoto waendelee kumfuata mwalimu wao. Tulipomaliza kuihamishia kwenye kompyuta, utepe wa kaseti ukakatika. Sauti ya yule mzee ikabaki kwetu peke yetu.

Nikaiachia programu ikate. Nikachoma CD, nikampelekea. Akasikiliza kidogo, akazima redio.

"Mwanangu, umemkata katikati ya aya."

Kumbe ustadhi alikuwaga anavuta pumzi ndefu, na kila pumzi nimeifanya traki. Mie Mlutheri wa kutoka Same, ningejuaje? Niliona aibu, nyie acheni tu.

Fundi Mkuu hakufoka. "Mashine haijui dini yao, na wewe huijui. Nenda kwa anayejua."

Wiki nzima nilishinda Kipawa na kompyuta ya ofisi. Bi Mwanaisha anainua kidole sura ikiisha, naweka alama kwa mkono. Nikachoka, nikarudia, sikukubali kushindwa. Kati ya sura na sura mzee alikuwa anakohoa, anazungumza. Hayo nikayafuta bila kuuliza, maana kwetu yalikuwa uchafu wa rekodi.

CD ya pili ilikuwa na traki thelathini na saba, sura thelathini na saba, safi kabisa. Bi Mwanaisha alishukuru sana. Halafu akauliza polepole, "Na pale anaponiita?"

Nilirudi Temeke siku ileile, nikafungua rekodi mama, nikamkuta: "Mwanaisha, niletee maji." Nikayanakili maneno hayo, nikayaweka mwishoni mwa CD mpya, baada ya sura zote.

Sasa nimestaafu, naishi Madale. Vijana mnaniambia CD zimekufa, programu zenu zinakata zenyewe kwa dakika moja. Sawa, zikate. Mkimaliza, mwulizeni aliyewaletea sauti kabla hamjafuta kitu.

Mwezi uliopita nilikwenda kumwamkia Bi Mwanaisha. Macho hayaoni tena vizuri, lakini kidole kinakijua kitufe cha redio. Aliruka sura zote mpaka traki ya mwisho. Mzee akaomba maji.

"Naleta," akajibu.