Halua ya Njia Panda

Nilipokuwa mtoto, njia panda ya nyuma ya nyumba yetu ilikuwa na wenyewe. Hatukuwajua, wala hatukuwa na hamu ya kuwajua. Vichochoro vitatu vya mtaa wetu wa Mkunazini, Unguja mjini, vilikutana pale, na asubuhi nyengine ukipita unakuta jani la mgomba limetandikwa chini, juu yake bisi, yai la kuchemsha na kipande cha halua, harufu ya marashi bado imo hewani. Hapo unajua kuna mgonjwa kafanyiwa kafara. Vitu vile vilizungushwa juu ya kichwa chake, ugonjwa ukaambiwa uhame, kisha vikaletwa pale kumngoja mpita njia asiye na bahati. Atakayekula ndiye atakayeondoka nao.

Msinicheke. Nnaandika haya nikiwa mtu mzima, nina simu mkononi na shahada ukutani, na hadi leo nikipita pale miguu inachapuka yenyewe. Padre wetu aliyakataza mambo hayo kanisani, sheikh wa jirani zetu aliyakataza msikitini, na njia panda haikukosa kitu.

Bibi yangu mzaa mama, Bi Agata, hakuwa na hotuba. Alisema tu, "Cha njia panda hakiokotwi. Hata kandambili ikikukatikia pale, iache, uje peku." Alikuwa mfupi, mkali, mdomo mwekundu kwa tambuu, na ndiye aliyekuwa akifua na kupiga pasi vitambaa vya madhabahu. Alikuwa na ugonjwa wa sukari. Daktari alimpiga marufuku vitamu vyote, na yeye mtu wa halua tangu usichana wake kule Mbweni. Sikukuu za jirani zikifika, Bi Mwanaisha wa nyumba ya pili akituletea sahani, Bibi alikuwa akihama chumba. "Nisiione," alisema, "nisije nikamkosea Mungu na daktari kwa pamoja."

Mwaka ninaousema nilikuwa na miaka minane, na Zuwena, binti yake Bi Mwanaisha, alikuwa amefunga Ramadhani karibu yote. Alinitambia hadi nikachoka. "Nyinyi Wakristo mnafunga nini? Si mnakunywa chai!" Basi Kwaresima ilipokuja nikala yamini: Ijumaa Kuu nitafunga kama watu wazima, hata maji sigusi, mpaka ibada iishe saa tisa. Mama alicheka. Bibi hakucheka. Aliniuliza, "Unamfungia Mungu au unamfungia Zuwena?" Nikasema Mungu. Alinitazama kidogo, akaendelea na tambuu yake.

Siku ikafika. Kabla ya saa sita tulikuwa tushakaa kanisani, Bibi akagundua kasahau miwani nyumbani, nikatumwa mimi. Jua lilikuwa la kuchoma, tumbo limeshikana na mgongo, na kwa kuwa nilitaka kurudi upesi nikakata kwa nyuma, kwenye njia panda.

Jani lilikuwepo. Lakini halikuwa na bisi, wala yai. Ilikuwepo halua peke yake, nyekundu, inang'aa mafuta. Nikasimama. Nikajiambia: kafara ina yai, hii haina yai, basi hii si kafara. Hii imemdondoka mtu anayetoka sokoni Darajani. Tena imemdondoka juu ya jani safi, Mungu ni mwema. Ukubwani nimekutana na mawakili wengi, na hakuna niliyemsikia akitetea kesi vizuri kuliko tumbo langu siku ile.

Nikaiokota. Nikamega, nikala. Iliki na zafarani zikanijaa mdomoni. Nikamega tena.

"Doro!" Zuwena alikuwa dirishani kwao, juu. "We Doro, unakula nini?"

"Halua."

"Ya wapi?"

Nikauficha mkono nyuma. Akachungulia chini, akaliona jani.

"Mtume! Si kafara hiyo?"

"Haina yai," nikasema.

"Yai kala paka! Nimemwona mwenyewe asubuhi. Na bisi wamemaliza kunguru!"

Nikaitazama iliyobaki mkononi. Nikamwuliza, "Niirudishe?"

"Ushakula, utairudishaje? Ishakuwa yako." Hakuwa akinitania. Zuwena nilimjua akitania, na ile haikuwa sauti ya utani. Machozi yalikuwa yakimlengalenga, akalifunga dirisha taratibu, na dirisha lile kufungwa ndiko kulikonitia hofu ya kweli.

Nikaenda nyumbani na halua iliyobaki ndani ya ngumi. Kuitupa niliogopa, kuiweka niliogopa. Nikakaa kwenye ngazi zetu za mbao, nikaanza kujikagua. Ugonjwa wa nani? Ugonjwa gani? Mguu wa kulia nikauona umevimba. Kifua nikakisikia kinabana. Na juu ya yote hayo nilikuwa nimefungua, siku ya Ijumaa Kuu, wakati watu wote wako kanisani na Bwana yuko msalabani, tena nimefungulia kafara! Wenye njia panda nilichukua chao, na Mungu nilimkosea. Sikuwa na upande wa kukimbilia. Nimeshapata hofu nyingi maishani, za uzazi, za hospitali, za baharini, lakini upweke wa ngazi zile sijauona tena.

Bibi akaja mwenyewe, anahema, hasira imemtangulia. "Hiyo miwani imekwenda kutengenezwa Ulaya?"

Nikakaza ngumi.

"Doro!"

"Naam, Bibi."

"Mkononi una nini?"

Nikafungua. Halua ilikuwa imeyeyuka, imejaa kwenye mistari ya kiganja. Bibi hakuuliza imetoka wapi. Rangi ilimtoka usoni, akashika ukuta. Nikamweleza mimi mwenyewe, yai, paka, Zuwena, yote, kwa kwikwi.

"Bibi, nitakufa?"

Bibi mwengine angesema, La, mjukuu wangu, huwezi kufa. Yeye alisema, "Sote tutakufa." Halafu akakaa kwenye ngazi, kando yangu, kwa shida, maana magoti yake hayakupenda ngazi. Kwa mbali tulisikia watu wameanza kuimba kanisani.

"Nipe," akasema.

"Bibi, umefunga."

"Nshakwambia nipe."

"Na sukari yako?"

"Utanipa au nikunyang'anye?"

Nikampa. Aliipangusa yote kutoka kiganjani mwangu kwa kidole chake, mpaka ile ya katikati ya vidole, asibakishe. Akafanya ishara ya msalaba, akala. Hakula kama mtu aliyetamani halua miaka na miaka. Alikula kama anavyokunywa dawa ya mwarubaini, amefumba macho, mkono unamtetemeka. Alipomaliza akajipangusa mdomo kwa ncha ya kanga.

"Haya. Sasa ni yangu. Wewe huna kitu."

"Na dhambi ya kufungua?"

"Hiyo nayo nshakula. Ipo nyengine?"

Nikasema ipo: nilimfungia Zuwena, sikumfungia Mungu. Bibi akaguna. "Hiyo nilikuwa nayo tangu Kwaresima ilipoingia."

Nilianza kulia upya, sasa kwa jambo jengine kabisa, ambalo sikulijua jina. Nikamwambia nitafunga kesho, mchana kutwa, na siku inayofuata pia, na wiki nzima nitaosha vyombo.

"Siku inayofuata ni Pasaka, utafunga uende wapi?" akasema. "Vyombo utaosha kwa kuwa ni zamu yako. Na ukitaka kufunga, funga. Lakini usifunge kwa ajili ya hii. Hii imekwisha. Niinue, tumechelewa."

Tukarudi kanisani. Padre alikuwa akihubiri, na nna hakika alisema mambo mazuri, lakini mimi sikusikia neno. Nilikuwa nikiutazama mkono wa Bibi juu ya goti lake, nikingoja uvimbe.

Haukuvimba siku ile. Lakini Pasaka ilipopita, Bibi akaanguka homa, na mguu wake mmoja ukavimba kweli. Akalazwa, kisha akarudishwa nyumbani akiwa hajiwezi kitandani. Watu wazima walisema sukari imepanda. Zuwena alininong'oneza barazani, "Ndiyo ile." Aliniambia kwa huruma, na mimi nikaamini kama nilivyoamini kwamba jua litakuchwa. Yule aliyekuwa afe ni mimi, na anayekufa ni Bibi.

Sikula siku ile. Alasiri, Mama alipotoka kwenda kuchota maji, nikaingia chumbani kwa Bibi. Kulikuwa na harufu ya mafuta ya mkaratusi. Alikuwa amelala ameelekea ukutani.

"Bibi, nirudishie."

Akageuka polepole. "Nini?"

"Ile. Nirudishie. Ni yangu, niliokota mimi."

Homa na yote, alikasirika! Alijaribu hata kuinuka. "Wewe ukipewa kitu na mkubwa wako unakirudisha? Nani kakufunza adabu hizo? Mama yako?"

"Hapana, Bibi."

"Mtu akipewa husema nini?"

"Asante."

"Basi sema asante, ukacheze."

Nikasema asante. Nilisema kwa sauti ndogo sana, machozi yananitoka, na ilikuwa kazi ngumu kuliko kufunga. Nimeona baadaye kuwa si mimi peke yangu. Nimewaona wakubwa wenzangu, wacha Mungu wa kweli, wanaojitesa kwa sala na saumu na michango ili walipie kitu ambacho waliambiwa zamani kimekwisha. Nawaelewa. Kulipa kuna fahari yake, na aliyepewa bure hana pa kujivunia. Kusema asante na kwenda kucheza kunataka mtu akubali kwamba hakuwa na njia nyengine.

Bibi alipona. Mguu ulibaki mbovu, hasira zilibaki nzima, na aliishi mpaka akanichezea harusini kwangu. Alipofariki nilikuwa nishazaa mara mbili. Siku za matanga wanawake walikaa uani wakimsimulia, mmoja hili, mwengine lile, na mimi nikasimulia halua. Nilikuwa nishaisimulia mara nyingi. Niliisimulia kama kichekesho: namna Bi Agata, mtu wa kanisa, asivyobabaishwa na mashetani wa njia panda, alivyoila kafara yao mchana kweupe, na jinsi alivyokuwa ameitamani halua mwenyewe, akapata kisingizio. Wanawake wakacheka mpaka wakashikana mabega. Bi Mwanaisha alicheka akalia. Mama peke yake hakucheka.

Wageni walipopungua akaniita jikoni.

"Usiisimulie vile tena," akasema.

"Kwa nini, Mama?"

Akaniambia jambo ambalo Bibi hakuwahi kuniambia. Bibi alikuwa na mdogo wake wa kiume, walipokuwa watoto Mbweni. Bibi ndiye aliyepewa kumwangalia. Yule mdogo aliokota yai kwenye njia panda, akala, na kabla wiki haijaisha alizikwa. Inawezekana ilikuwa homa tu, watoto wengi walikufa enzi zile. Lakini Bibi aliamini. Aliamini akiwa mtoto, aliamini alipokuwa akipiga pasi vitambaa vya madhabahu, aliamini mpaka anakufa. Ndiyo maana asubuhi zile zenye jani pale nyuma yeye alizunguka kwa njia kubwa, na magoti yale mabovu, na sisi tukidhani anakwenda kuamkia watu.

"Jioni ya Ijumaa Kuu ile aliniita," Mama akasema. "Akanifungulia sanduku, akanionyesha nguo anazotaka azikwe nazo. Nikamwuliza, kwani mama unaumwa? Akanambia, 'Bado.'"

Nilikaa juu ya kigoda. Miaka yote nilidhani Bibi alinionyesha kwamba halua ni halua, na hofu yangu ilikuwa ya kitoto. Padre angeweza kunionyesha hilo. Bibi hakunionyesha hivyo hata kidogo. Yeye aliamini ni mauti, mauti yangu, niliyoyaokota mwenyewe kwa kiburi na uroho wangu, na hakunisomea makosa yangu, hakuningoja nistahiki. Alisema nipe. Tangu siku ile nikisikia kanisani kwamba mmoja alichukua ya wote, ninainamisha kichwa, kwa kuwa nimeshawahi kukaa kando ya mtu anayefanya hivyo na nikaona anavyotetemeka.

Kisha nikajaribu kukumbuka jioni ile mimi nilikuwa wapi. Haikunichukua muda. Nilikuwa chini barazani. Nilimwita Zuwena dirishani, nikamwambia sina tena, kachukua Bibi. Akashuka. Na wakati Bibi anachagua nguo za kuzikiwa, mimi nilikuwa nacheza mdako na rafiki yangu, nacheka, sina hata kovu.