Nyimbo Alizoninyima Bibi

Waandishi huniuliza nilisomea wapi muziki. Nawajibu kwamba nilisomea njiani, nao hucheka wakidhani nafanya mzaha. Kila likizo nilipanda Uluguru kwa bibi, mama yake mama, na siku za soko tulishuka pamoja hadi Morogoro mjini, yeye na mkungu wa ndizi kichwani, mimi na kikapu cha maharage. Bibi alishuka akiimba. Mwenye mzigo kichwani hawezi kuvuta sauti ndefu. Huimba maneno matatu, akakanyaga, akapumua, akaendelea. Ndivyo ninavyoimba mpaka leo, na gitaa nalipiga kwa kufuata mguu ule. Waandishi wanauita mtindo wangu.

Kulikuwa na nyimbo ambazo hakuziimba njiani. Hizo nilizisikia nilipovunja ungo, nikawekwa ndani na wanawake wa ukoo wakanifunda. Kila mwali anajua kwamba kinachoimbwa mle hakitoki, na wanaume wasikisikie kabisa. Nilijua. Sitajitetea kwamba nilikuwa mtoto. Nilikuwa mtu mzima, nimepanga chumba Kilakala, na albamu yangu ya kwanza ilikuwa imepungukiwa wimbo mmoja. Nikachukua mmoja wa ndani, nikabadili maneno mawili ya mwanzo, nikajidanganya kwamba sasa si wenyewe.

Basi ndio huohuo uliopendwa. Ulipigwa kwenye mabasi Msamvu, ukapigwa baa, nami nikavimba kichwa. Kisha ukapanda mlimani ndani ya simu ya mjomba wangu. Akauimba mbele ya bibi, mama yake mzazi, tena kwa madaha, bila kujua anaimba nini.

Nilipokwenda kumsalimia, bibi alinipikia, akaniuliza habari za kifua kilichokuwa kikinisumbua. Tulipomaliza kula akasema, "Mwanangu wa kiume ameniimbia mambo ya mwali. Umenivua nguo, mjukuu wangu."

Nikapiga magoti kumwomba radhi.

"Nimekusamehe," akasema. "Ila kuimba, sikuimbii tena."

Nilidhani ni hasira, zitapoa. Lakini bibi hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililonivunja moyo. Mwenye hasira unaweza kumsubiri. Miaka yote iliyofuata nilipanda, tukachambua mboga, tukasengenya majirani, tukacheka. Nikikaribia nyumba nikamsikia anaimba, hodi yangu ilimnyamazisha. Alifariki hivyo. Msibani nililia mpaka nikashikiliwa, na watu wakasema jamani, huyu alimpenda bibi yake. Nilimpenda, ndiyo. Nililia pia kwa sababu sasa hangeweza kubadili neno lake.

Mwaka jana binti yangu alivunja ungo. Aliyekuja kumfunda ni dada yangu, binti wa mama mkubwa, ambaye bibi alimwachia nyimbo zote. Alipokuwa anafunga mlango nikamwambia, "Dada, naingia. Ni mwanangu."

Hakunikaripia. Alinishika mkono.

"Bibi alisema ukiwepo tusiimbe. Mimi sikuzuii, mdogo wangu. Ukitaka ingia, ila mtoto atafundwa bila nyimbo."

Ndani nilimwona binti yangu amekaa mkekani, ananitazama, ameshanisogezea nafasi.

Nikamwambia nina kazi jikoni. Kisha nikatoka uani, nikaenda kukaa kule mbali walikokaa wanaume.