Mwezi Dada Alipowekwa Ndani

Sikusema. Niliuliza tu. Hivyo ndivyo nilivyojitetea moyoni kwa miaka mingi, na nikiwa mkweli, hata siku ile ile nilijua kwamba najidanganya.

Nilikuwa darasa la tano na dada yangu alikuwa la saba. Nyumba yetu pale Kiranjeranje ilikuwa karibu na shule kiasi kwamba kengele ikigongwa, kuku wetu walishtuka. Baba alikuwa ameacha kazi ya chama cha ushirika akamfuata mnunuzi binafsi wa korosho, mmoja wa wale walioanza kuingia kwetu baada ya biashara kufunguliwa, na mnunuzi huyo akampa pikapu ya kazi. Pikapu ile ilitutia wazimu. Ghafla tukawa watu wa mipango. Kwanza bethdei ya mdogo wetu wa kiume, kisha matembezi ya Kiswere kuoga baharini, na mwisho wa mwezi mahafali ya dada. Mama aliyaandika yote kwa chaki nyuma ya mlango wa jikoni, naye hakuwa mtu wa kuandika mambo.

Dada alichaguliwa kuongoza ngonjera ya kuaga shule. Kwa ajili ya siku hiyo baba alimletea kutoka Lindi gauni jeupe la mtumba, lina riboni kiunoni na vifungo vinavyong'aa. Mimi aliniletea soksi. Soksi za kijani, na viatu vya kuzivalia sina! Nilicheka pamoja na wenzangu lakini roho iliniuma vibaya. Kila jioni nilimshikia dada karatasi ya ngonjera ili aone kama ameshika beti zote, na kila jioni nilimwombea asahau. Hakusahau hata neno moja. Mimi nami, kwa kushika karatasi tu, nikazijua zote kumi.

Jumamosi moja nikamkuta kisimani peke yake, jua limeshapanda, anafua kanga ambayo haikuwa na haja ya kufuliwa siku ile. Aliponiona akaanza kulia. Alikuwa amevunja ungo.

"Usimwambie mtu, mdogo wangu," alisema. "Mahafali yakipita nitamwambia bibi mwenyewe. Wakijua sasa wataniweka ndani."

Nikaapa haki ya Mungu, mara tatu.

Kwetu msichana akivunja ungo huitwa mwali. Huwekwa chumbani, haonekani na wanaume, husema kwa kunong'ona, mpaka siku atakapotolewa kwa vigelegele. Mama mzazi hana kauli katika jambo hilo. Kauli ni ya bibi.

Siri ile nilikaa nayo siku nne. Siku ya tano nilikuwa shambani na bibi, mama yake baba, tukiokota korosho. Bibi aliniita mke mwenza, kama bibi wengi wanavyowatania wajukuu zao wa kike, nasi tulizoea kumgombania babu aliyefariki kabla sijazaliwa.

"Mke mwenza, mbona leo umenuna?" aliniuliza. "Mume kakunyima nini?"

Ningeweza kusema gauni. Angecheka, labda hata angenishonea kitu. Badala yake nikasema, "Bibi, hivi mtu akivunja ungo halafu akaficha, anafanywaje?"

Bibi akaacha kuokota. Hakuniuliza ni nani. Nyumba yetu ilikuwa na wasichana wawili tu.

Jioni ile dada aliingizwa chumbani kwa bibi, kajifunika kanga kichwani, na bibi akatamka kwamba mwali hatoki mpaka mwezi mwingine uandame. Mahafali yalipangwa siku tatu kabla ya mwezi huo kuandama. Kesho yake mwalimu wa ngonjera, mama mmoja mpole, akaja kubembeleza.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Kama umekuja kwa ajili ya mwali, kaa kwanza unywe maji."

"Bibi, tunakuomba siku hiyo moja. Hata saa mbili tu, halafu tunamrudisha."

"Mtihani si ameshafanya?"

"Ameshafanya."

"Basi shule inamdai nini tena?"

Mama alikuwa jikoni anasikia kila kitu, akazidi kutwanga. Baba alitoka kwenda kutazama matairi ya pikapu, ambayo hayakuwa na tatizo lolote. Na mimi nilikaa barazani nachambua korosho.

Bethdei ikafanyika. Mama alioka keki ndani ya sufuria, makaa chini na makaa juu ya mfuniko, na mishumaa ilikuwa ile ile mikubwa ya kuwasha ndani mafuta ya taa yakiisha, maana mingine hatukuijua. Mitano, ikajaza keki nzima. Nikatumwa kumpelekea dada kipande chake. Akanong'ona, "Kapuliza mara ngapi?" Nikamwambia mara tatu, mmoja uligoma. Akacheka ndani ya kanga yake, akanimegea nusu ya kipande. Nusu ile nilishindwa kuimeza. Afadhali angenitukana.

Kiswere tukaenda bila yeye. Kiti cha mbele, kando ya baba, siku zote kilikuwa cha dada. Siku ile nilikaa mimi. Nilioga mpaka vidole vikasinyaa, nikala samaki wa kuchoma, nikaimba njia nzima. Hilo ndilo linalonitia aibu kuliko mengine yote: nilifurahi. Tuliporudi nikaukuta mlango wa chumba cha bibi umefungwa kama tulivyouacha, na furaha ikaniishia mlangoni hapo.

Kisha mwalimu akauliza darasani kwetu kama kuna anayeijua ngonjera, maana siku za kumfundisha mwingine hazikubaki. Mkono wangu ukapanda. Asubuhi ya mahafali mama alinivalisha gauni jeupe, akapandisha pindo kwa pini, na muda wote ule hakunitazama usoni. Sijui kama alijua. Sikuwahi kumuuliza, na sasa hayupo wa kuulizwa.

Shule ilikuwa imekodi spika, wakaielekeza upande wa nyumba yetu. Nilisimama mbele ya mgeni rasmi nikasema beti za dada kwa sauti yangu. Nilipofika katikati nikaruka ubeti mmoja, nikaendelea. Watu wakapiga makofi. Mgeni rasmi akanipa mkebe wa hesabu, mpya, una bikari na kipima pembe.

Nilikimbia nao nyumbani nikauweka kwenye mkeka mbele ya dada.

"Umeruka wa sita," alinong'ona.

"Hakuna aliyejua."

"Mimi nilijua. Nilikuwa nasema pamoja na wewe."

Akausukuma mkebe kwangu. "Ni wako. Wewe ndiye uliyesimama."

Hapo ndipo ningemwambia. Badala yake nikauokota mkebe nikaondoka.

Mwezi ulipoandama alitolewa, kapakwa mafuta, kavishwa kanga mpya, wanawake wamejaa uani wanapiga vigelegele. Katikati ya watu wote wale alinitafuta mimi akanishika mkono. Hakuchaguliwa kwenda sekondari, na hilo si kosa langu, nalijua. Lakini mimi nilichaguliwa, na mkebe ule niliutumia mpaka kidato cha nne. Kila nilipoufungua nilijiambia kwamba likizo ikifika nitasema. Likizo zikaja zikaisha.

Mwaka jana nilimtembelea kwake Kitomanga, ambako aliolewa. Binti yake wa mwisho yuko darasa la saba. Tulikuwa jikoni watatu, dada anakuna nazi, mimi nachochea kuni. Yule mtoto akanisogelea sikioni. "Mama mdogo, nikikwambia kitu hutasema?"

Kabla sijajibu, dada akaongea bila kugeuka, kwa sauti yake ya kila siku.

"Huyo hasemi, mwanangu. Huyo huuliza tu."

Maneno ya siku ile shambani tuliyajua watu wawili, mimi na bibi, na bibi tulimzika zamani. Kwa hiyo bibi alimwambia dada, na alimwambia mapema, pengine jioni ile ile alipomwingiza ndani. Dada alinimegea keki akijua. Alinishika mkono akijua.

Mtoto akacheka, hakuelewa kitu. Dada naye akacheka kidogo, akaendelea kukuna nazi. Mimi nikainama nikaupuliza moto, na moto wenyewe ulikuwa unawaka vizuri.